Mwili wa Dukani

Niliporudi Mwanza kutoka ng'ambo, nilirudi na vitu ambavyo watu wa rika langu hawakuwa navyo: diploma ya ufundi wa majokofu na mitambo ya barafu, sanduku la geji za shaba, na koti zito ambalo sikuwa na pa kulivaa isipokuwa ndani ya chumba cha kugandishia samaki. Nayasema haya bila kuona haya. Baba yetu alikuwa mfugaji, na mimi nilichunga ng'ombe wake mpaka nikaota ndevu. Barafu niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nikadhani ni chumvi. Mtu aliyedhani barafu ni chumvi, akaja kuwa fundi mkuu wa barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara, anastahili kujisifu kidogo.

Ndio wakati biashara ilipofunguliwa. Kila mwaka ufukwe wa ziwa ulipata ukuta mpya wa kiwanda, na kila kiwanda kilitaka barafu. Wahandisi waliletwa kwa ndege, lakini mitambo ilipogoma waliniita mimi. Nilijenga nyumba Kiseke wakati Kiseke bado ni mihogo na mawe, nikaiezeka bati la rangi ambalo watu walilifuata kwa miguu kuja kulitazama. Nilinunua pikapu yenye viti vya kitambaa, nikaweka sheria moja: anayenuka samaki akae nyuma, na asiyependa atembee. Hata mke wangu aliiheshimu sheria hiyo.

Watu husema nilijijenga mwenyewe, na mimi siwapingi. Ila ninaposema mwenyewe, dada yangu namhesabu ndani humo humo. Mama yetu alipofariki, dada ndiye aliyenipikia, akanichapa, akanipeleka shule kwa kunivuta sikio. Samaki aliowauza soko la Mwaloni, pale Kirumba, ndio walionifikisha Dar es Salaam, na kutoka Dar nilikwenda kwa akili zangu.

Siku niliyorudi alikuja stesheni kunipokea. Nilishuka kwenye treni nikiwa na suti, nikamtafuta dada yangu mwembamba, mrefu, mwenye shingo ndefu na mifupa ya mashavu inayoonekana kutoka mbali. Sikumwona. Nikampita mama mmoja mnene aliyesimama karibu na nguzo.

"We mchunga ndama!" yule mama akapaza sauti. "Ulaya imekutoa macho?"

Sauti ilikuwa yake, lakini uso sikuujua. Ulikuwa wa duara kama sahani, unang'aa, mashavu yamepanda mpaka macho yakabaki mistari miwili.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Unanitazama nini? Hujaona mtu aliyeshiba?"

Ndugu waliokuja naye, wifi yake akiwemo, walicheka. "Dada yako kanawiri," wakaniambia, kana kwamba ni zawadi waliyoniandalia. Nikacheka nao. Nilifurahi. Kwetu Usukumani mtu mwenye mwili ni mtu anayetunzwa, na mimi nilikuwa nimeishi miaka mingi nikiwaza kwamba dada yangu hana wa kumtunza.

Msomaji kijana huenda asielewe jambo nitakalolieleza sasa, kwa hiyo nalieleza polepole. Miaka ile kukonda ilikuwa mashtaka. Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki kwa kikohozi kirefu wakati mimi niko ng'ambo. Kikohozi kile kilikuwa nini, sijui, na waliosema wanajua hawakuwa na haki ya kujua. Lakini baada ya maziko macho yote yalihamia kwa mjane. Dada alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi, alikuwa na majonzi, na mwili wake tangu utoto haukuwahi kushika nyama. Akapungua. Pale Mwaloni maneno yakaanza, bila mtu kuutaja Ukimwi kwa jina: amekanyaga miwaya, ana mdudu, hafiki mwakani. Wateja wakimwona wanasogea meza ya pili. Mwanamke aliyekuwa amenunua kwake tangu usichana alisimama mbele ya sato wake, akawatazama samaki, akamtazama yeye, akaondoka. Wifi yake, yaani dada wa marehemu, alikuwa na meza jirani, na wateja waliomkimbia dada walinunua kwa huyo wifi. Hakuna aliyemtukana dada usoni. Walimnyima tu kununua, na muuza samaki asiyenunuliwa, samaki wake wanaoza huku anawaona.

Ndipo akakutana na vidonge.

Maduka ya dawa nayo yalikuwa yamefunguka kama viwanda. Nilipoondoka nchini, zahanati ilikuwa na rafu tupu na muuguzi mwenye hasira. Niliporudi, kila kona ilikuwa na duka lenye koti jeupe ndani yake, na anayelivaa huenda jana aliuza betri. Wiki chache baada ya kurudi nilikiona kikopo kwa dada, nyuma ya chungu cha maji. Nikakifungua. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama.

"Hivi ni nini?"

"Vitamini."

Mimi nimesoma kemia ya gesi za jokofu, na najua kwamba kitu kidogo sana kinachofanya kazi kubwa sana si vitamini. Nikachukua kimoja, nikaenda nacho duka lililo karibu na uwanja wa mpira.

"Aa, hiki?" kijana wa koti jeupe akaniambia bila hata kukishika. "Cha kutia mwili, bosi. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, na hiki cha pili cha kuleta njaa. Akina mama wa Mwaloni wanavimaliza."

"Kina cheti cha daktari?"

"Cheti cha nini? Siku hizi biashara huria." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Tena wewe mwenyewe vingekufaa. Mtu unatoka Ulaya umekauka hivyo, watu watasema nini?"

Nilirudi nikamtazama dada kwa jicho la fundi. Fundi haangalii rangi ya mtambo, anasikiliza na kugusa. Uso na tumbo vilikuwa vimejaa, lakini mikono na miguu ilikuwa myembamba kuliko ile niliyoiacha, kama uso umenenepa kwa kuila miguu. Nyuma ya shingo palikuwa na kinundu laini. Ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, ukimshika kwa nguvu inabaki alama nyeusi. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Na kwenye kidole gumba alikuwa na jeraha la mwiba wa sato.

"Dada, mwiba huu ulikuchoma lini?"

"Kabla ya Kwaresima."

"Pasaka imeshapita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kidonda cha mwiba hakikai Kwaresima nzima. Hivi vidonge vinakuharibu."

Akaniwekea ugali mbele yangu, akakaa, akanifungulia kinywa chake ninachokijua.

"Wewe ni fundi wa mafriji. Mimi ni friji?"

"Dada..."

"Ngoja. Ukifungua mlango wa friji ukakuta baridi, unasema limepona. Na mimi watu wakinifungua mlango wakakuta mashavu, wanasema nimepona, wananunua samaki. Nikinyauka tena nani atanunua? Wewe? Utakula kapu zima?"

"Nitakula."

"Utakula leo. Kesho utakwenda kiwandani kwako, mimi nitabaki pale na meza." Kisha akashusha sauti. "Hujui kuitwa marehemu huku unatembea. Mtu anakusalimia, 'Habari za siku nyingi,' na macho yake yanapima jeneza. Wewe hukuwepo. Usinisomee."

Nimejibizana na mainjinia wa nchi tatu na sikuwahi kushindwa, lakini pale niliishia kunawa na kula ugali. Ninachojivunia ni kwamba sikukubali kuishia hapo. Nilimbembeleza kwa miezi kadhaa, na mwisho akakubali nimpeleke kwa daktari mmoja wa mjini, mama wa makamo, aliyekuwa akimtibu vidonda vya tumbo toka zamani. Tulikubaliana twende Jumatatu. Jumapili habari ikaja kwamba shangazi yetu, ng'ambo ya Busisi, amefariki.

Kwa msiba hakuna Jumatatu. Tulivuka na pantoni, mimi, dada na wifi yake, maana marehemu alikuwa amemlea wifi huyo kwa muda fulani na alimlilia kama mama. Tulizika. Wanaume tulikaa nje kwenye moto, wanawake walijaa ndani wamelala chini kwenye mikeka, bega kwa bega, kama desturi ilivyo mpaka matanga yaanuliwe. Mimi kiwanda kilinihitaji, nikarudi mjini baada ya maziko. Dada na wifi wakabaki. Tulipatana kwamba matanga yakianuliwa nitawafuata.

Nilipowafuata, asubuhi jua likiwa limeshapanda, nilimkuta dada amelala kwenye kivuli cha ukuta, watu wamemzunguka. Uso ulikuwa uleule wa duara, ila umekuwa wa kijivu. Alikuwa anatapika kila anachopewa. Akikalishwa alizimia. Jasho lilikuwa linamtoka, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi, nami naijua baridi.

"Ni mkono wa mtu," baba mdogo akaniambia. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji ule baada ya shangazi. "Mkubwa hajapoa kaburini, na huyu anamfuata. Kuna mzee hapo kilimani, tumeshamtuma mtu."

"Si mkono wa mtu," wifi akasema, akiwa amejifunga khanga kiunoni, hatazami mtu. "Mnajua wenyewe. Siku zake zimefika. Aliyemchukua kaka yangu ndiye anayemchukua."

Kila mtu alielewa, na dada aliyelala pale alielewa kuliko wote. Nilimwona akifumba macho.

"Baba," nilimwambia baba mdogo, "heshima yangu kwako iko palepale. Lakini mgonjwa namchukua."

"Na mzee wa kilimani akija?"

"Mpeni chai, na mwambieni asante."

Nilimlaza nyuma kwenye pikapu juu ya godoro la majani. Wifi akapanda pia, akakiweka kichwa cha dada mapajani. Kwetu mgonjwa mwanamke hasafiri bila mwanamke wa kumshika, hata kama mwanamke huyo ndiye aliyetoka kumzika kwa mdomo. Niliendesha polepole, na kila shimo nililipita kama vile nimebeba mayai.

Pale Busisi pantoni ilikuwa upande wa pili, Kigongo. Mbele yetu malori ya pamba yalikuwa yamepanga mstari. Wifi alishuka kutafuta maji ya kumpangusa. Dada akanivuta kola ya shati.

"Sogea." Sauti ilikuwa nyembamba sana. "Vile vidonge sijameza."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofika. Nilivifunga kwenye pindo la khanga. Tulilala wanawake nyumba nzima, macho kila mahali. Ningemeza vipi? Wangesema, si mnaona, anakunywa dawa, si tulisema?" Akapumzika kidogo, kisha akaendelea. "Bibi mmoja akashika fundo, akasema, 'Nipe ugoro kidogo, mwanangu.' Akataka kulifungua. Nikamwambia ni mbegu za mchicha. Nikaenda chooni nikavitupa vyote."

Nilifurahi kwa sekunde moja, nikawaza, basi afadhali, sumu imetoka. Lakini nilipomtazama, furaha haikukaa. Kama kuacha vidonge ni heri, kwa nini aliyeviacha anakufa?

"Usimwambie wifi," akaniambia. "Niahidi. Nikifa, sema tumbo."

"Hufi."

"Sema tumbo. Usiniache nizikwe kwa jina lile."

Pantoni ilipogonga ukingo, nilikwenda kwa mabaharia. Walinijua. Miezi michache nyuma nilikuwa nimewatengenezea friji lao la soda ambalo mafundi wengine wote walilitupa, nikalifanya lilie upya kama jipya. Mkubwa wao aliangalia nyuma ya pikapu yangu, akaangalia malori, akapiga filimbi. Malori ya pamba yakasubiri, na pikapu yangu ikaingia ya kwanza. Watu husema diploma haiwezi kusimamisha lori, lakini siku ile nililisimamisha.

Hospitalini yule daktari wa vidonda vya tumbo alikuwepo. Alimwinamia dada, akamshika mkono, akampima presha, akaipima tena kama hakuamini, kisha akaagiza maji ya mshipa haraka. Tulikuwa wanne chumbani: daktari, dada, mimi, na wifi aliyesimama mguuni mwa kitanda na khanga yake.

"Kuna dawa yoyote anayotumia?" daktari akauliza.

Dada akafumba macho.

"Hana dawa," wifi akajibu. "Ugonjwa wake hauna dawa."

Daktari hakumtazama wifi. Alimtazama dada, kisha akatazama kile kinundu nyuma ya shingo, na mashavu, na alama nyeusi mikononi. Nikaona kwamba anavisoma kama mimi ninavyosoma geji.

"Nawauliza tena. Nataka jibu la kweli, maana nina muda mdogo."

Nilimwambia wifi, "Shemeji, tafadhali, mtafutie chai."

"Chai ya nini, mtu anatapika? Mimi ni wifi yake. Sitoki."

Hapo nilisimama kati ya vitu viwili. Nilikuwa nimeahidi, na niliyemwahidi alikuwa anakufa kwa ahadi hiyo. Niliinama sikioni mwake.

"Dada, sema wewe, au nitasema mimi. Nitavumilia ukinichukia ukiwa hai."

Kisha dada akafumbua macho, akamtazama wifi yake moja kwa moja, wala si daktari.

"Nakunywa vya kutia mwili," akasema. "Vya dukani. Mwili huu mnaouona si wangu. Nimeviacha msibani kwa sababu yenu."

Daktari hakusubiri neno la pili. Aliita muuguzi, akataja dawa, sindano ikaja. Nilipoona kichupa nikauliza ni nini, akanijibu.

"Ni ndugu wa kilekile kidonge. Dawa ya ukoo uleule."

"Unamrudishia sumu?" Hilo halikutoka kwangu. Lilitoka kwa wifi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Daktari alichoma sindano kwanza, akaeleza baadaye. Alisema ile ni dawa kweli, tena dawa nzuri, ya pumu kali na uvimbe na magonjwa yanayomlemea mtu, lakini hutolewa na daktari anayemwona mgonjwa, kwa kipimo na kwa muda. Haikutengenezwa kunenepesha mtu. Uso unaojaa si afya, ni madhara. Inapandisha sukari, inakondesha misuli, inazuia vidonda kupona, na kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumtoboa tumbo bila yeye kusikia. "Lakini la hatari kuliko yote," akasema, "ni hili. Mwili una jiko lake. Kila siku linapika kitu kama hiki hiki, kidogo, cha kutosha. Ukiuletea kilichopikwa nje, kingi, kila siku, miezi, jiko linaacha kuwasha moto. Majivu yanapoa. Siku aliye nje asipoleta, ndani hakuna moto wala kiberiti. Mtu analegea, presha inashuka, anatapika, anakwenda."

Mimi nilimwelewa kabla hajamaliza. Nimewahi kuona kiwanda kilichozoea umeme wa jenereta la nje mpaka waya za ndani zikaliwa na panya. Ukikata jenereta ghafla, minofu yote inaharibika. Unarudisha jenereta kwanza, ndipo unatengeneza waya, ndipo unalipunguza kidogo kidogo. Nilimwambia daktari hivyo hivyo, naye akasema, "Ndiyo, fundi, ni hivyo," na mpaka leo nalihesabu jibu hilo kati ya vyeti vyangu.

"Na mtu akiviacha polepole?" wifi akauliza.

"Polepole, chini ya macho yangu, sawa."

"Na kama amekunywa muda mrefu? Mwaka?"

"Hasa huyo."

Wifi akakaa kwenye benchi. Nilidhani ni majuto, kwa sababu yalimstahili.

Kabla jua halijazama dada aliomba uji. Nimesikia sauti nyingi nzuri katika maisha yangu, mtambo mkubwa wa barafu ukiwaka kwa mara ya kwanza ni mojawapo, lakini sijasikia iliyonifurahisha kama ile ya mtu mwenye hasira akisema, "Uji huu hauna sukari, mnaniua mara ya pili?"

Alikaa hospitalini mpaka akaweza kusimama bila kizunguzungu. Daktari akampa vidonge vilevile, safari hii kwa kipimo, vikipungua taratibu kwa miezi, na akamkataza asiache hata siku moja bila ruhusa. Pia alimwomba ruhusa ya kumpima damu ule ugonjwa ambao kila mtu alikuwa amempima kwa macho. Dada alikubali. Alipewa majibu yake akiwa peke yake na daktari, mlango umefungwa. Mimi ni mtu wa kusema, kila anayenijua anajua, lakini majibu yale hayakuwa yangu siku ile, na si yangu leo. Wala sikuuliza. Alitoka, akaniambia, "Twende nyumbani," tukaenda.

Vidonge vikapungua, na mwili wa dukani ukapungua navyo. Kwanza mashavu yakashuka, kisha kinundu. Ilikuwa kazi ngumu. Viungo vilimuuma, alichoka, alilia bila sababu, na kuna siku alinisihi nimpeleke duka lile karibu na uwanja. Alikaa kwangu Kiseke. Mke wangu alimpikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na maziwa, na jeraha la kidole gumba lilifunga. Shingo ndefu ikarudi. Siku moja nilimwona anachuma mchicha, mifupa ya mashavu iko wazi, nikamtambua kutoka barabarani.

Kilichobaki ni Mwaloni. Hapo ndipo palipokuwa na mashaka yake yote, na yangu pia. Nilimwambia nina uwezo, akae tu nyumbani, nitamlisha. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa nikitoroka shule.

"Nilikulea ili unifungie kwenye jokofu?"

Nikampeleka mwenyewe, asubuhi, na makapu yake nyuma. Alishuka na gauni lililokuwa kubwa sasa, akaipangusa meza yake, akapanga sato. Wauzaji waligeuka kumtazama, kuanzia meza za karibu mpaka za mbali. Mteja mmoja akasimama.

"Mama, pole. Umeisha hivyo?"

Nilikuwa nimeandaa jibu kali, lakini dada alinitangulia.

"Sijaisha. Nimerudisha mwili wa watu," akasema kwa sauti ya mnada. "Ule nilikuwa nimeazima kwa muuza dawa. Nusura unizike. Huu wa mifupa ni wangu, nilizaliwa nao, mama yangu aliujua. Sato leo ni wabichi, wanapiga mkia. Anayetaka kununua mashavu aende duka la dawa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Si wote walionunua. Wapo waliosogea meza ya pili siku ile, na wapo ambao hawakurudi kamwe, na sitadanganya kwamba soko lote liliongoka kwa hotuba moja. Lakini yule mwanamke aliyekuwa amemwacha zamani alifungua kapu lake, akachagua samaki mmoja, akambonyeza jicho, akamnunua.

Nilikuwa nimeshawasha gari niondoke. Wifi akaja kutoka meza yake, polepole, mikono ina magamba. Ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza, mimi niliyejisifu kwamba nasoma mitambo. Uso wa duara. Shingo imejaa. Mikono myembamba. Yote yalikuwa pale tangu siku ya treni, ila macho yangu yalikuwa kwa dada.

"Wifi," akamwambia dada kwa sauti ya chini, "baada ya kaka kufa na mimi niliogopa. Nilisema wakikutazama wewe hawatanitazama mimi." Akafungua kiganja. Kilikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake punje ndogo nyeupe. "Leo asubuhi sikumeza. Nimeamua kuvitupa ziwani."

Dada alimshika kiganja kile, akakifunga kwa nguvu.

"Usivitupe! Umesahau jiko? Kimeze cha leo. Sasa hivi, hapa hapa, mbele yangu." Akamimina maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Wifi akameza, soko zima likiona, na machozi yakamtoka. Dada akampangusa kwa khanga yake, akaniita.

"We fundi! Funga meza zetu, tunakwenda kwa daktari."

Wote wawili walikuwa wananuka samaki kuanzia kichwani hadi miguuni. Walianza kupanda nyuma, maana walikuwa wanaijua sheria yangu. Nikazunguka, nikawafungulia mlango wa mbele.

"Na viti vyako?" dada akauliza.

"Kaeni," nikamwambia. "Msibishane na mwenye gari."

Walikaa kwa kubanana, wamekumbatiana, magamba yakanata kwenye kitambaa. Nilikisugua baadaye kwa kila sabuni iliyokuwa Mwanza. Harufu haikutoka.